Lin Shu: Aliyetafsiri riwaya za Kifaransa bila kujua Kifaransa

Kama umewahi kuingia kibanda cha video mtaani, unajua mambo yanavyokwenda. Filamu ni ya kigeni, lakini kuna jamaa anaisimulia kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, na watu wanavunjika mbavu. Hakuna anayemuuliza kama lugha ya wale waigizaji anaifahamu. Basi leo nikupe habari za mtu aliyefanya jambo la kukaribia hilo zaidi ya miaka 120 iliyopita, akaitikisa fasihi ya nchi nzima.

Jina lake ni Lin Shu. Alizaliwa mwaka wa 1852 mjini Fuzhou, kusini mashariki mwa Uchina. Kwao walikuwa watu wa hali ya chini, na vitabu alivyosoma utotoni vilikuwa vikuukuu. Lakini alisoma kweli kweli. Mwaka wa 1882 alifaulu mtihani wa serikali wa ngazi ya mkoa. Ule wa ngazi ya juu, uliofanyiwa Beijing, aliurudia mara kadhaa na kila mara ukamwangusha. Kama unajua uchungu wa kungoja matokeo kisha kukosa jina lako, hapo mko pamoja. Akaamua kufundisha.

Halafu mwaka wa 1897 mkewe akafariki. Lin akabaki na majonzi mazito. Rafiki yake mmoja, Wang Shouchang, alikuwa amesomea Ufaransa na alikuwa akimsimulia riwaya za huko. Wang akamshawishi wakae chini watafsiri mojawapo.

Ngoja kidogo. Watafsiri vipi, na Lin hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji?

Mbinu yao ilikuwa hivi. Wang anashika kitabu cha Kifaransa, anakisema kwa Kichina cha kawaida cha mdomo. Lin anasikiliza huku mkono unakimbia, anaandika yale yale kwa Kichina cha kale, lugha nzito ya wasomi. Inasimuliwa kwamba walipofika sehemu za huzuni wote wawili walilia kwa sauti.

Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya Alexandre Dumas mwana iliyotoka 1848, kuhusu Marguerite, kahaba wa Paris anayeugua kifua kikuu. Anapendwa na kijana Armand, lakini babake kijana anamwendea kwa siri na kumsihi amwache mwanawe, jina la familia lisiharibike. Marguerite anakubali, anaacha penzi lake, na anakufa Armand akiwa mbali. Na kwa taarifa yako, nyanya wa babake mwandishi huyo alikuwa mwanamke mwenye asili ya Afrika, mtumwa katika nchi tunayoiita Haiti leo.

Tafsiri ilitoka 1899. Lin hakuweka jina lake halisi, alitumia la kubuni, maana siku hizo msomi wa heshima hakutaka kujulikana kwamba anaandika mambo ya hadithi. Lakini kitabu kikashika moto. Unajua kwa nini? Wasomaji wa Uchina hawakuijua Paris, ila baba anayeweka heshima ya ukoo mbele ya mapenzi walimjua vizuri sana, wengine walikuwa naye nyumbani. Lin mwenyewe alimfananisha Marguerite na mawaziri wa kale waliokubali kufa badala ya kusaliti wajibu wao. Kahaba na waziri! Mfaransa angeshangaa. Mchina alielewa mara moja.

Baada ya hapo Lin hakusimama. Akiwa na wasaidizi tofauti tofauti, wengine wa Kifaransa na wengine wa Kiingereza, alitoa karibu vitabu 180. Humo mlikuwa na kazi za Victor Hugo, Balzac na Montesquieu. Kasi yake si mchezo: saa nne kwa siku, herufi elfu sita.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Mtu anayetegemea masikio ya mwenzake hula anachopakuliwa. Msaidizi akikosea, Lin naye anakosea. Msaidizi akichagua kitabu hafifu, Lin anakitafsiri vilevile, na vilikuwa vingi. Tena mwenyewe alikata hapa na kuongeza pale. Wasomi wangali wanabishana kama hiyo ni tafsiri au ni kitu kingine kabisa.

Kilichomuumiza zaidi kilikuja uzeeni. Vijana waliokua wakisoma vitabu vyake, akiwemo Lu Xun aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa, walianza kudai fasihi iandikwe kwa lugha inayosemwa na watu. Lin akakataa katakata. Mwaka wa 1919 alimwandikia mkuu wa Chuo Kikuu cha Peking kulalamika, na vijana wakamcheka hadharani. Mlango aliufungua yeye, waliopita wakamwacha nyuma kizingitini. Alifariki Beijing mwaka wa 1924.

Hata hivyo, alipokwisha kuzikwa, baadhi ya waliokuwa upande wa mageuzi walikiri deni lao kwake. Na kuna mtoto aliyesoma tafsiri zake akanogewa hadi akataka kujifunza lugha zenyewe ili asome vitabu vya asili. Huyo ni Qian Zhongshu, aliyekuja kuwa mmoja wa wasomi wakubwa wa Uchina, na ambaye baadaye aliandika makala ndefu kumhusu Lin.

Sasa wewe. Labda Kiswahili chako kiko sawa, unaandika vizuri, ila Kifaransa hujui. Na labda hapo mtaani kwenu yupo rafiki kutoka Goma au Lubumbashi anayezungumza Kifaransa tangu darasani, na Kiswahili mnaelewana bila shida. Kuna riwaya nyingi za Kifaransa, zikiwemo za Waafrika wenzetu, ambazo hazijawahi kusomwa kwa Kiswahili. Mwombe akusomee ukurasa mmoja Jumamosi hii, nawe uandike. Ila mfanye kitu kimoja ambacho Lin hakuweza: mkimaliza, rudini kwenye kitabu chenyewe, umwulize kila sentensi mpaka mridhike.