Violette Morris: bondia aliyehukumiwa kwa suruali

Katika hadithi za mabondia wa kike wa zamani, jina la Violette Morris wa Ufaransa hutajwa kwa kunong'ona. Leo tunalitaja kwa sauti ya kawaida.

Alizaliwa Paris mwaka 1893, akasomeshwa na masista. Aliolewa mwaka 1914, vita vikianza, kisha akaenda kuendesha gari la wagonjwa karibu na uwanja wa vita. Baada ya hapo alishika karibu kila mchezo: soka, kuogelea, kurusha tufe na kisahani. Ulingoni alizichapa hata na wanaume, na husimuliwa kwamba aliwashinda baadhi yao. Mwaka 1927 alishinda mbio za magari za saa 24 ziitwazo Bol d'Or.

Alikuwa ameachana na mume mwaka 1923. Alipenda wanawake wenzake, wala hakujificha.

Sasa msikilizaji, hapa tuende polepole. Sheria ya Ufaransa ilikuwa imeacha kuadhibu mapenzi ya jinsia moja tangu 1791, kwa hiyo hakuna hakimu ambaye angemfunga kwa hilo. Waliomkalia kooni ni viongozi wa michezo. Mwaka 1928 shirikisho la michezo ya wanawake lilimnyima leseni kwa madai ya maadili. Mwaka huohuo, mjini Amsterdam, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana riadha kwenye Olimpiki. Yeye hakuwemo.

Mwaka 1930 akalishtaki shirikisho akidai fidia. Mahakamani mapenzi yake yakazungukwa, ikashikwa suruali! Ilifufuliwa amri ya polisi wa Paris ya mwaka 1800, iliyomtaka mwanamke apate kibali kabla ya kuvaa suruali. Akashindwa kesi. Amri yenyewe ilikuja kutamkwa rasmi kwamba haina nguvu mwaka 2013, miaka 83 baadaye.

Tayari mwaka 1929 alikuwa amekatwa matiti kwa hiari yake, akisema yanambana nyuma ya usukani. Watu walilisema hilo kuliko ushindi wake wote. Baadaye aliishi ndani ya boti mtoni Seine na mwigizaji Yvonne de Bray, na mwandishi Jean Cocteau alikuwa mgeni wao.

Wajerumani walipoiteka Ufaransa mwaka 1940, Morris alifanya kazi nao, na hilo hatumfutii. Lakini zile simulizi kwamba alikuwa mtesaji wa Gestapo, mwanahistoria Marie-Jo Bonnet alizichunguza kwenye nyaraka na kuona ushahidi hautoshi.

Tarehe 26 Aprili 1944 wapiganaji waliopinga Wajerumani walilivizia gari lake kwenye barabara ya kijijini, Normandy. Alikuwa amebeba familia ya marafiki zake. Walikufa wote, watoto wakiwemo.