Mtwa Mkwawa na Nyika Iliyomficha

Ninyi mkaao Shinyanga na Geita mmezoea kuona majabali makubwa yaliyopandana, na chini yake mapango wanamokaa pimbi na popo. Mchungaji akikutwa na mvua hukimbilia humo. Mgeni apitapo haoni kitu ila mawe; mwenyeji aona nyumba. Lishikeni neno hili, maana litawasaidia kufahamu habari za Mkwawa, mtwa wa Wahehe. Mtwa kwa Kihehe ni kama mtemi kwa Kisukuma.

Mkwawa alizaliwa karibu na mwaka 1855 katika nchi ya Uhehe, iliyo Iringa. Jina lake refu ni Mkwavinyika, na husemwa maana yake ni mtu aliyeshinda nchi nyingi. Baba yake, Munyigumba, aliunganisha koo nyingi ndogo zikawa taifa moja. Munyigumba alipokufa mwaka 1879, pakazuka vita vya kugombea kiti. Mwambambe, mkwe wa Munyigumba, akajitwalia nguvu, naye Mkwawa, kijana bado, akakimbilia Ugogo akajificha. Baadaye alirudi, akamshinda Mwambambe, akatawala. Basi alijua tangu ujana wake ya kuwa kujificha siyo mwisho wa mtu.

Alikuwa mtawala hodari, lakini mkali. Aliwapiga majirani zake mara nyingi, akateka ng'ombe wao, na misafara ya biashara ilimwogopa. Wasangu walifukuzwa na Wahehe katika nchi yao wenyewe. Jambo hili tutalikumbuka baadaye.

Wadachi, yaani Wajerumani, walipotaka kuitawala nchi yote, Mkwawa hakukubali. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lao, likiongozwa na Zelewski, lilikuwa likipita Lugalo, askari wakifuatana katika njia nyembamba. Wahehe walikuwa wamelala kimya vichakani na nyuma ya mawe. Ghafula wakatoka na mikuki, na kwa muda mfupi Zelewski na watu wake wengi walikuwa wameuawa.

Lakini Mkwawa aliweka tumaini lake katika kuta pia. Alijenga boma kubwa la mawe Kalenga, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Huko Unyanyembe, upande wa kusini wa Shinyanga, Mtemi Isike naye alitumainia boma lake; Wadachi wakiongozwa na Tom von Prince walilivunja mwezi wa Januari 1893, na Isike akajilipua kwa baruti. Prince huyo huyo alikuwamo katika jeshi lililofika Kalenga. Mizinga ikapiga, na tarehe 30 Oktoba 1894 boma likatekwa. Mkwawa hakukamatwa. Aliziacha kuta zake, akaingia nyikani.

Akakaa katika maficho karibu miaka minne. Upande mmoja palikuwa na milima ya Uzungwa, yenye misitu minene na ukungu, ambamo jua halifiki chini kwa urahisi. Upande mwingine palikuwa na nyika ya miombo na mibuyu, na majabali kama haya yenu. Kwa askari wageni ilikuwa nchi ya taabu. Kwa Mkwawa ilikuwa nyumba.

Hata hivyo nyumba hiyo haikuwa salama siku zote. Fikirini kiangazi kilivyo. Majani huungua, nyayo huonekana katika majivu, moshi wa jiko huonekana mbali, na maji hubaki mahali pachache, ambapo adui aweza kulinda. Ndiyo majira mabaya ya mtu awindwaye. Lakini mwenyeji wa miombo huiona dalili. Kabla mvua haijanyesha, nchi ingali kavu, miti hiyo hutoa majani mapya mekundu. Kisha mvua huja, hufuta nyayo, huotesha majani marefu kuliko kimo cha mtu, na mito hujaa ikafunga njia za majeshi. Kwa mtu kama yule, mvua ya kwanza ilikuwa habari njema. Mvua zilikuja, zikapita, zikaja tena, na Mkwawa alikuwa hai, akiwashambulia adui zake na kutoweka.

Tena hakuishi kwa msitu peke yake. Watu wake walimpelekea chakula kwa siri, wakamwonya askari walipokaribia. Wadachi wakachoma vijiji na mashamba. Wakamweka Mpangile, ndugu yake, kuwa mtwa. Kisha wakamshuku kuwa anamsaidia Mkwawa, wakamnyonga mwaka 1897. Wakaahidi rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Zilikuwa fedha nyingi sana, lakini Wahehe hawakumwuza mtwa wao.

Nje ya Uhehe mambo yalikuwa mengine. Wasangu, waliokumbuka mateso ya zamani, walikuwa upande wa Wadachi. Msitu ulimfungulia Mkwawa mlango, bali majirani aliowapiga walimfungia.

Mwaka 1898 alikuwa mgonjwa, na wenziwe walikuwa wamepungua sana. Mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi, kikosi cha Merkl kilimkamata kijana aliyekuwa akimtumikia, naye akaonyesha njia ya Mlambalasi, penye majabali. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alikutwa amekwisha kufa kwa bunduki yake mwenyewe, asitake kushikwa akiwa hai.

Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ulaya. Katika mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 iliandikwa kwamba fuvu lake lirudishwe, nalo likarudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954, likapokewa na mjukuu wake, Mtwa Adam Sapi. Kaburi la mwili wake liko Mlambalasi, chini ya mawe yaliyomhifadhi.

Wanafunzi, yako mafundisho mawili hapa. La kwanza, ijueni nchi yenu: majina ya miti yake, chemchemi zake, na dalili za mvua. Aijuaye nchi yake haoni ukame tu wakati wa kiangazi. Huona pia jani jekundu la mwombo. La pili, kaeni vema na majirani. Mawe na miti vyaweza kumficha mtu kwa muda, lakini siku ya ugonjwa na upweke ahitaji mlango wa jirani.

Maswali
1. Mkwawa alijificha mara ya kwanza wapi, na kwa sababu gani?
2. Kwa nini kiangazi kilikuwa kibaya kwa Mkwawa, na mvua ilimsaidiaje?
3. Kwa nini Wasangu hawakumsaidia?
4. Taja miti mitatu ya kwenu, na dalili moja ya mvua waijuayo wazee.