Cecil Kimber na Gari la Nembo ya Pembe Nane

Yamkini msomaji amepata kuliona, walau katika picha, lile gari dogo la wazi la Kiingereza lenye boneti ndefu, madigadi yaliyopinda kama mbawa, na gurudumu la akiba lililofungwa mgongoni. Hilo ni MG. Baadhi ya vikosi vya polisi vya Uingereza vililitumia barabarani katika miaka ya 1930. Aliyelipa sura ile ni Cecil Kimber, mtu ambaye aliondolewa kazini katikati ya vita kwa jambo ambalo kila mwenye cheo begani hana budi kulitafakari. Ndiye tunayependa kumweleza leo.

Kimber alizaliwa London tarehe 12 Aprili 1888, mwana wa mhandisi wa mitambo ya uchapaji. Alisoma Stockport, kisha akaingia katika biashara ya baba yake. Ujanani alipenda pikipiki, hadi ajali ilipomwumiza vibaya mguu wa kulia. Ndipo mwaka 1913 akanunua gari. Mwaka uliofuata aliachana na biashara ya baba yake, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akafanya kazi katika makampuni ya magari na vipuri. Mojawapo alilitia fedha zake nyingi, likafilisika, naye akazipoteza. Mwaka 1921 aliajiriwa kuwa mkuu wa mauzo katika gereji za William Morris mjini Oxford, na mwaka 1922 akawa meneja.

Magari ya Morris yalikuwa imara na ya bei nafuu, lakini hayakuwa na mvuto. Kimber hakuwa na kiwanda wala injini ya kwake. Alichokuwa nacho ni jicho. Alichukua chesisi ya Morris, akazibapaza springi ili gari likae chini, akauinamisha usukani, kisha akaagiza bodi nyepesi ya alumini iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, huku madigadi yakipakwa rangi. Wasomaji waliowahi kuona mafundi wetu wakichukua chesisi ya lori na kuijengea bodi ya basi watamwelewa upesi. Magari hayo yakaitwa MG, herufi za mwanzo za jina la gereji zile kwa Kiingereza, yakapewa nembo ya pembe nane. Wakati wa Pasaka mwaka 1925 Kimber mwenyewe, na mguu wake ule, aliendesha gari alilojitengenezea katika mashindano ya masafa marefu kutoka London hadi Land's End, akarudi na medali ya dhahabu.

Inafaa tueleze jinsi bodi hizo zilivyojengwa, kwani ndiko uliko utamu na ndiko iliko taabu. Kwanza fundi alichonga fremu ya mbao za mti uitwao ash, ambao ni mgumu lakini hunyumbulika bila kuvunjika upesi. Juu ya fremu hiyo yalivikwa mabati membamba, kingo zikakunjwa na kupigiliwa misumari midogo. Katika gari la Midget, lililoanza kuuzwa mwaka 1929 kwa pauni 175, hata bati lilipunguzwa. Bodi ilivikwa kitambaa kilichotiwa dawa ya kuzuia maji. Kwa njia hiyo kijana mwenye mshahara wa kawaida aliweza kuota ndoto ya kumiliki gari la mbio.

Mbao hizo ndizo mtihani wa mafundi wanaoyafufua magari haya siku hizi. Maji hupenya kwenye maungio, mbao zikaoza kuanzia chini, ilhali rangi ya juu bado inapendeza. Kwa hiyo fundi mwenye busara haanzi na msasa wala puti. Huanza kwa kuzichoma nguzo za milango kwa bisibisi, na bisibisi ikizama huelewa kazi iliyo mbele yake. Kabla ya kuiinua bodi kutoka kwenye chesisi hufunga vyuma vya kushikilia nafasi za milango, maana asipofanya hivyo bodi hujipinda, na milango haifungi sawasawa tena. Wapo washikilia desturi wanaotaka kila msumari uwe kama wa kwanza. Sisi tunaona kwamba Kimber, aliyeanza kwa kubadili gari la mtu mwingine, hana haki ya kumlaumu anayebadili lake. Lakini kukata bati zima ili kubandika madigadi mapana ya mtindo, hilo tunaliona ni kosa.

Mwaka 1929 kazi ilihamia Abingdon, na sifa zikafuatana. Mwaka 1933 magari ya MG yalishinda daraja lao katika mbio za Mille Miglia za Italia, na Mwitalia Nuvolari akashinda na MG kule Ireland ya Kaskazini. Mwezi Mei 1939 Goldie Gardner, afisa wa jeshi aliyeumizwa mguu katika Vita Kuu ya Kwanza, aliendesha MG yenye bodi laini kama samaki kule Dessau, Ujerumani, kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 320 kwa saa. Hata hivyo, tangu mwaka 1935, Morris alipoiuza MG kwa kampuni yake kubwa ya Morris Motors, Kimber hakuwa tena na kauli ya mwisho.

Vita vilipozuka mwaka 1939, utengenezaji wa magari ulisimama na kiwanda kikapewa vijikazi vya kijeshi. Kimber hakuvumilia kukaa hivyo. Alitafuta mwenyewe, akapata kazi ya kujenga sehemu ya mbele ya ndege ya Albemarle, iliyobuniwa kwa mbao na chuma ili viwanda vya samani na vya magari viweze kuitengeneza. Ilikuwa kazi iliyowafaa hasa mafundi wake. Lakini hakuomba kibali kwa wakubwa wake, na mwishoni mwa mwaka 1941 aliamriwa ajiuzulu.

Wengi walioandika historia ya MG wanaliona kosa hilo kuwa kisingizio tu. Sisi hatuendi mbali hivyo. Kiongozi aliye chini akijitwalia jukumu bila kutoa taarifa, mkuu wake hubaki kipofu. Lakini kazi yenyewe haikufutwa. Abingdon waliendelea nayo bila yeye, na usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944 ndege za Albemarle zilibeba askari wa miamvuli kwenda Normandy.

Jioni ya tarehe 4 Februari 1945 Kimber, akiwa sasa katika kampuni ya pistoni, alipanda treni London katika stesheni ya King's Cross. Ndani ya handaki, kwenye mwinuko, magurudumu ya injini yaliteleza. Treni ikarudi nyuma taratibu, na behewa la mwisho likaacha njia na kugonga mhimili wa ishara. Walikufa watu 2, Kimber akiwa mmojawapo. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Mwezi Septemba mwaka huohuo Abingdon walitoa gari la TC, lenye fremu ileile ya ash, ila bodi imepanuliwa kidogo. Hadi mwaka 1949 yalikuwa yametengenezwa kiasi cha 10,000, na yapata 2,000 kati yake yalivuka bahari kwenda Marekani.