Frank Boucher: Bingwa wa Pasi Barafuni

Nchini Kanada, ambako maziwa huganda kuwa barafu wakati wa baridi, hoki ya barafuni hupendwa kupita kiasi. Wachezaji huvaa viatu vyenye makali ya chuma na kukigombea kwa magongo kisahani kigumu cha mpira mweusi. Ni mchezo wa vishindo, na ngumi si jambo geni humo. Leo twamkumbuka mtu aliyevuma bila ya ngumi, marehemu Frank Boucher.

Alizaliwa Ottawa tarehe 7 Oktoba, 1901, katika nyumba ya wanahoki. Ndugu zake watatu nao walifika Ligi Kuu. Ujanani alikuwa askari polisi wa kupanda farasi. Baadaye aliichezea Ottawa, kisha Vancouver, na mwaka 1926 akajiunga na timu mpya ya New York Rangers. Hapo alicheza kati, Bill Cook akiwa kuliani na Bun, mdogo wake Bill, kushotoni.

Boucher aliwavuta walinzi wamwandame yeye, kisha akakitelezesha kisahani kwa mwenzake aliyeachwa peke yake. Sheria ya mwaka 1929, iliyoruhusu pasi za mbele katika eneo la wapinzani, ilikuwa kana kwamba imetungwa kwa ajili yake: msimu huo pasi zake 36 zilizaa mabao, akaongoza ligi nzima. Katika maisha yake ya uchezaji alifunga mabao 160, lakini aliwafungisha wenzake 263.

Wala tusidhani kwamba alilikwepa lango. Katika fainali ya Kombe la Stanley ya Aprili 1928, dhidi ya Montreal Maroons, kipa wa Rangers aliumizwa jicho. Kocha Lester Patrick, mwenye umri wa miaka 44, akalazimika kulinda lango mwenyewe. Boucher akafunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza. Katika mechi ya tano mabao yote mawili yalikuwa yake. Rangers wakashinda 2-1 na kutwaa kombe. Walilitwaa tena mwaka 1933.

Kikombe cha Lady Byng, ambacho hupewa mchezaji hodari mwenye adabu, alikipata mara saba kati ya 1928 na 1935, hata akaachiwa kiwe chake, na mama huyo akatoa kingine.

Akiwa kocha, aliipa Rangers kombe la mwaka 1940. Kisha vita vikawachukua vijana wake. Msimu wa 1943-44 timu ilishinda mechi 6 tu kati ya 50, naye, akiwa na miaka 42, akarudi uwanjani kwa mechi 15. Tunaona hapo uchungu wa mwalimu anayejua yapasayo kutendwa lakini hana wa kuyatenda.

Aliondoka Rangers mwaka 1955. Kikombe alichoachiwa kiliteketea nyumba yake ilipoungua mwaka 1962. Alifariki huko Kemptville, Ontario, tarehe 12 Desemba, 1977.