Lee Marvin: Askari wa kweli katika filamu iliyovichekea vita vya pwani yetu

WAKAZI wa Malindi na Kilifi wakiitazama filamu ‘Shout at the Devil’ ya mwaka wa 1976, wataitambua bahari yao, ingawa haikupigwa picha huku. Kisa chake kinaanza mwaka wa 1913 na kuchezwa kusini mwao, kati ya Zanzibar na delta ya mto Rufiji. Aliyeibeba ni Lee Marvin, Mmarekani aliyevijua vita kuliko wengi waliolipwa kuviigiza.

Marvin alizaliwa New York, Februari 19, 1924. Mnamo 1942 alijiunga na kikosi cha Marines, na Juni 1944 wenzake wengi wakauawa au kujeruhiwa na Wajapani katika kisiwa cha Saipan. Yeye alipigwa risasi, akalazwa hospitalini zaidi ya mwaka mmoja. Aliporudi uraiani akawa msaidizi wa fundi wa mabomba, hadi alipoombwa kuziba pengo la mwigizaji mgonjwa jukwaani. Filamu ‘Cat Ballou’ ya 1965, alimoigiza mlevi hodari wa bastola, ilimpa tuzo ya Oscar.

Ulevi huo ndio aliotakiwa kuurudia katika ‘Shout at the Devil’, akiwa Flynn, mwizi wa pembe za ndovu. Roger Moore alikuwa mwenziwe. Fedha zilimwagwa Afrika Kusini na Malta, na kila kitu kikasombwa ndani: ndovu, jahazi linalopondwa, ndege, manowari, harusi na ngumi za kuchekesha. Kisha mtoto mchanga anauawa. Mtazamaji aliyekuwa akicheka dakika chache awali hajui auweke wapi uso wake. Filamu yenyewe haijui pia, nayo inajikokota kwa takriban saa mbili na nusu. Mohammed, mtumishi wa Flynn, ni bubu, tena ameigizwa na Mwingereza, Ian Holm!

Kisa halisi hakikuhitaji mapambo hayo. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, Septemba 20, 1914, ikajificha Rufiji hadi ilipoangamizwa Julai 11, 1915. Huku Kilifi, Mekatilili wa Menza alikamatwa 1913 kwa kuwahimiza Wagiriama wakatae kutumikishwa na serikali ya kikoloni. Agosti 4, 1914, siku Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Wagiriama walichomewa nyumba, wakatozwa faini, wakadaiwa vijana wa kubeba mizigo ya jeshi.

Marvin alipata filamu iliyomfaa mnamo 1980. Katika ‘The Big Red One’ ya Samuel Fuller, ambaye pia alikuwa amepigana vita hivyo, aliigiza sajini asiye na jina wala maneno mengi. Hakulazimishwa kuchekesha.

Alifariki Tucson, Arizona, Agosti 29, 1987, akiwa na umri wa miaka 63. Alizikwa katika makaburi ya kijeshi ya Arlington, kando ya bondia Joe Louis.