Leo Fender: Fundi wa redio aliyelipa gitaa sauti ya umeme

KATIKA mtaa wa Ngara, jijini Nairobi, jumba lililokuwa sinema ya Shan liligeuzwa kuwa ukumbi wa sanaa unaojulikana kama Sarakasi Dome. Ukivuka Mto Nairobi kutoka hapo unafika River Road, kitovu cha biashara ya santuri enzi ambazo muziki wa benga ulitamba.

Benga haina uhai bila gitaa la umeme na gitaa la besi. Ala hizo mbili, pamoja na amplifaya zinazozitia nguvu, zinadaiwa mengi na Mmarekani aliyefariki mwaka 1991 bila kuwahi kujifunza kupiga gitaa. Huyo ni Clarence Leonidas Fender, ambaye ulimwengu ulimfahamu kama Leo Fender.

Alizaliwa Agosti 10, 1909, katika shamba la michungwa la wazazi wake, kati ya miji ya Anaheim na Fullerton, jimboni California. Akiwa na umri wa miaka minane alipoteza jicho la kushoto kutokana na uvimbe, akawekewa jicho la kioo.

Mwaka 1922 alimtembelea mjomba wake aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari mjini Santa Maria. Huko alikuta redio aliyoiunda mjomba huyo, ikitoa sauti kubwa kupitia spika. Mlio huo ulimteka kijana huyo, na tangu hapo akawa anafungua na kuunganisha vifaa vya redio nyumbani kwao.

Hata hivyo, masomo aliyochukua chuoni yalikuwa ya uhasibu wala si ya umeme. Elimu ya ufundi aliipata kwa mikono yake mwenyewe. Alimwoa Esther Klosky mwaka 1934, akaajiriwa kushika vitabu vya hesabu, lakini miaka hiyo ya mdororo wa uchumi ilikuwa migumu na kazi haikudumu.

Mwaka 1938 alikopa dola 600 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Wanamuziki walianza kumpelekea amplifaya zilizoharibika, na kila aliyofungua ilimfunza jambo. Aliona sehemu zilizoungua upesi, waya zilizokatika kwa mtikisiko wa safari, na masanduku yaliyopasuka kwa kubebwa kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine.

Mwaka 1945 yeye na Doc Kauffman, mwanamuziki na mbunifu, walianzisha kampuni ya kuunda magitaa ya kulaza mapajani pamoja na amplifaya zake. Mwaka uliofuata Kauffman alijiondoa kwa kuhofia madeni. Fender akaendelea chini ya jina lake.

Kilichofuata kilibadili muziki wa dunia. Gitaa lake la mbao nzima lililoitwa Broadcaster lilipewa jina la Telecaster mwaka 1951. Mwaka huo huo alitoa gitaa la besi la umeme, Precision, lililomwezesha mpigaji kuachana na besi kubwa ya kusimama iliyokuwa mzigo mzito safarini. Stratocaster ikafuata mwaka 1954.

Magitaa hayo yaliundwa kwa fikra za fundi wa matengenezo. Shingo ya Telecaster, kwa mfano, ilifungwa kwa skrubu badala ya kubandikwa kwa gundi, ili ikiharibika iondolewe na nyingine kuwekwa. Kwa kuwa hakujua kupiga, Fender aliwapa wanamuziki vifaa vyake wavijaribu kazini, kisha akavirekebisha kulingana na malalamiko yao.

Fikra hizo zilionekana zaidi katika amplifaya zake ndogo. Champ ya miaka ya 1950 ilikuwa na valvu moja ya kutoa nguvu, spika ya inchi 8 na uwezo wa wati 5 hivi, ikilengwa kwa wanafunzi wa gitaa. Waya zake zilipangwa kwa nafasi na kwa uwazi, kiasi kwamba fundi aliweza kufuata njia ya umeme kwa macho na kubadilisha kifaa kimoja bila kugusa kingine.

Urahisi huo ulizaa utamaduni ambao bado upo, wa kuziboresha amplifaya hizo za valvu. Mafundi hubadilisha hasa vitu viwili, yaani spika na transfoma.

Spika huja kwanza. Ile inayobadili umeme kuwa sauti kwa ufanisi wa desibeli 3 zaidi huipa amplifaya ndogo ukali ambao vinginevyo ungehitaji nguvu maradufu. Spika ya inchi 10 au 12 pia hutoa mlio mnene zaidi, ingawa huhitaji sanduku kubwa zaidi. La muhimu ni kwamba ukinzani wake, unaopimwa kwa omu, ulingane na transfoma iliyopo.

Transfoma ya kutolea sauti ndiyo daraja kati ya valvu na spika. Katika amplifaya za bei nafuu ilikuwa na chuma kidogo ili kupunguza gharama, na chuma kidogo hushindwa kubeba milio mizito. Ukiweka kubwa zaidi, besi hufunguka na noti hubaki safi hata sauti inapopandishwa.

Transfoma ya kupokea umeme nayo ina umuhimu wa pekee kwa Kenya. Amplifaya iliyoundiwa umeme wa Marekani wa volti 120 ikichomekwa moja kwa moja katika volti 240 za Nairobi itaungua. Ama itafutwe transfoma ya nje ya kushusha umeme, ama ile ya ndani iondolewe na kuwekwa nyingine iliyosukiwa volti 240. Kazi hiyo si ya kubahatisha. Ndani ya amplifaya ya valvu mna mamia ya volti, na kapasita zake zaweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa.

Baadhi ya waliofuata njia hiyo wamekuwa majina makubwa. Mjini London mwaka 1962, mafundi wa duka la Jim Marshall walianza na mchoro wa Fender Bassman, wakatumia transfoma na spika zilizopatikana Uingereza. Mlio ukatoka tofauti na wa California, na kampuni ya Marshall ikazaliwa.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960, fundi kijana wa California, Randall Smith, alichukua Fender Princeton ndogo ya mwanamuziki Barry Melton, akaipachika transfoma kubwa na spika ya inchi 12. Ilikuwa ni mzaha, lakini Carlos Santana alipoijaribu akastaajabia ukali wake. Mzaha huo ndio chimbuko la kampuni ya Mesa/Boogie.

Kwa wapenzi wa vitu vya kale, mabadiliko kama hayo ni uharibifu, kwani amplifaya iliyotobolewa sanduku na kuondolewa vifaa vyake vya awali hupoteza thamani. Ndiyo maana mafundi waangalifu huhifadhi spika na transfoma za zamani, ili kazi iweze kurudishwa ilivyokuwa.

Maisha ya Fender mwenyewe yaliingia giza katika kilele cha mafanikio. Tangu katikati ya miaka ya 1950 alisumbuliwa na ugonjwa wa matundu ya pua usiopona. Akiamini kwamba hangeishi muda mrefu, aliamua kuuza kila kitu. Mwezi Januari 1965 shirika la CBS lilinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 13.

Kisha akabadilisha daktari, akapona. Alikuwa na afya na utajiri, lakini mkataba ulimzuia kushindana na kampuni iliyobeba jina lake. Wanamuziki wengi walilalamika kwamba ubora ulishuka chini ya CBS, na ala zilizoundwa kabla ya 1965 zikaanza kusakwa kwa bei kubwa. Mwaka 1985 CBS iliiuza kampuni hiyo kwa kundi lililoongozwa na Bill Schultz, mkuu wake wa wakati huo.

Fender hakukubali kustaafu. Muda wa katazo ulipokwisha alishika uongozi wa Music Man mwaka 1975, na baadaye akaanzisha G&L pamoja na George Fullerton, msaidizi wake wa tangu mwaka 1948. Esther alifariki mwaka 1979, naye akaoa tena mwaka uliofuata.

Ugonjwa wa Parkinson ulidhoofisha mwili wake, lakini aliendelea kwenda karakanani. Alifariki Machi 21, 1991, akiwa na umri wa miaka 81, na mwaka uliofuata jina lake likaingizwa katika ukumbi wa heshima wa muziki wa roki nchini Marekani. Meza yake ya kazi katika kiwanda cha G&L mjini Fullerton ilihifadhiwa kama alivyoiacha.