Robert Bosch: Mtu aliye nyuma ya jina la mashine

JINA la Bosch halikosekani katika maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Bujumbura. Liko juu ya masanduku ya bluu, liko ubavuni mwa drili na grenda, na nimewasikia mafundi wakilitamka kana kwamba ni jina la chombo, kama tunavyosema jembe au panga. Wachache wanajua kwamba Bosch alikuwa mtu, mtoto wa mkulima, aliyefariki dunia mwaka 1942, na kwamba mashine ya kutobolea zege ilizaliwa wakati biashara yake ilipokuwa taabani.

Mimi ni mwalimu, si fundi. Nilisomea uhamishoni, mkoani Kigoma, na tangu niliporudi nyumbani sijaona mwaka ambao watu hawajengi. Walijenga waliorudi miaka ya 2000, wanajenga waliokimbia mwaka 2015 na kuanza kurejea kuanzia mwaka 2017. Ndugu zetu wafanyabiashara wanaopita Kobero na Mugina huleta mashine kutoka Tanzania, na kila mnunuzi ana swali lilelile: ipi ya jiwe, ipi ya karo, ipi ya zege? Maisha ya mzee huyu yanatusaidia kujibu.

Robert Bosch alizaliwa tarehe 23 Septemba 1861 katika kijiji cha Albeck, karibu na mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa 11 kati ya watoto 12. Wazazi wake walikuwa wakulima waliomiliki pia nyumba ya wageni kando ya barabara. Alisoma Ulm, lakini shule haikumvutia sana, na alipofika umri wa miaka 15 hivi aliingia kujifunza ufundi wa vyombo vidogo vya chuma. Mwalimu wake wa ufundi hakuwa mtu wa kukaa kazini, kwa hiyo kijana alijifunza mengi kwa juhudi zake mwenyewe.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo sisi tuliokulia ugenini tunalielewa vizuri. Alibeba ufundi wake akaenda kuutafutia elimu mbali na kwao. Mwaka 1884 alivuka bahari hadi Marekani, akafanya kazi katika karakana za Thomas Edison, kisha akaenda Uingereza kwa kampuni ya Siemens. Hakurudi na utajiri. Alirudi akiwa ameona jinsi umeme unavyogeuzwa kuwa kazi ya mikono.

Tarehe 15 Novemba 1886 alifungua karakana yake mjini Stuttgart. Alikuwa na fundi mmoja na kijana mmoja wa kutumwa. Walitengeneza kila walicholetewa: simu, kengele za umeme, vyombo vya kupimia. Mwaka 1887 mteja mmoja alimwagiza magneto, yaani kifaa cha kutoa cheche ya kuwasha injini. Bosch hakuwa mvumbuzi wa kwanza wa kifaa hicho, bali alikichukua akakiboresha. Mwaka 1897, wakati Wajerumani walipokuwa wakijiimarisha hapa Usumbura kwenye ufuko wa Tanganyika, yeye alifunga magneto kwenye injini ya chombo cha magurudumu matatu na ikafanya kazi. Mwaka 1902 mhandisi wake, Gottlob Honold, alitoa magneto yenye nguvu zaidi pamoja na plagi. Kuanzia hapo magari ya dunia yaliwashwa kwa vifaa vya Stuttgart.

Fedha zilipoingia, Bosch hakuwasahau waliozitafuta. Mwaka 1906 aliweka siku ya kazi ya saa 8 katika kiwanda chake, wakati viwanda vingi vya Ujerumani vilikuwa bado vinawafanyisha watu kazi saa nyingi zaidi. Hata hivyo tusimpake mafuta kupita kiasi, kwani mwaka 1913 wafanyakazi wake waligoma na kiwanda kikafungwa kwa muda.

Kisha ikaja vita ya mwaka 1914. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya mauzo yake ilikuwa nje ya Ujerumani. Vita ilipoanza mipaka ilifungwa, na mali zake katika nchi za maadui zikachukuliwa, zikiwemo za Marekani pamoja na haki ya kutumia jina lake huko. Msomaji uliyerudi ukakuta shamba la baba linalimwa na mwingine hutahitaji kuelezwa uchungu huo. Faida aliyoipata kwa kutengeneza vifaa vya vita hakutaka kubaki nayo, akatoa mamilioni ya maraka kwa shughuli za umma.

Alianza tena. Lakini katikati ya miaka ya 1920 soko la magari la Ujerumani liliyumba, na kampuni iliyotegemea magari peke yake ikajikuta pabaya. Bosch na wenzake waliamua kutafuta bidhaa nyingine. Mwaka 1928 walitoa mashine ya kunyolea nywele yenye mota ndani ya mpini. Ilionekana kitu kidogo, lakini wazo la kuweka mota pale mkono unaposhika ndilo lililofungua mlango. Drili ya umeme ya mkononi ilikuwapo tangu mwaka 1895, kazi ya kampuni ya Fein ya hapohapo Stuttgart. Kilichokosekana ni mashine ya mkononi ambayo ingeshinda zege. Mwaka 1932 ikatoka nyundo ya umeme ya Bosch, inayozunguka na kugonga kwa pamoja.

Hapa ndipo historia inapoingia dukani. Drili ya kawaida, hata ile yenye alama ya nyundo, hugonga kwa vipande viwili vya chuma vyenye meno vinavyorukiana, na nguvu nyingi hutoka kwenye bega la fundi anayeisukuma. Hiyo inatosha tofali la kuchoma na tundu dogo la skrubu. Nyundo ya mwaka 1932 na wajukuu wake hugonga kwa hewa. Pistoni huenda mbele na nyuma ndani ya silinda, hewa inayobanwa hurusha chuma kizito, na chuma hicho hupiga biti huku biti ikizunguka. Fundi hashindani na zege, anaiongoza mashine tu. Mwenye kujenga nguzo, mkanda wa zege au ngazi anahitaji hii. Dalili yake ni mdomo usiotumia ufunguo: biti ina mifereji kwenye mkia na huchomekwa ikajifunga, mfumo ambao kampuni ya Bosch iliutoa mwaka 1975. Mkia wa milimita 10 ni wa mashine ndogo, ule wa milimita 18 ni wa mashine kubwa za kubomolea. Ncha ya biti lazima iwe ya kabaidi. Na ukiuliza nguvu, usiulize wati peke yake, uliza pia joule, kwani ndizo zinazopima uzito wa pigo.

Karo ni habari nyingine. Anayetoboa karo huku nyundo imewashwa atalipasua. Zima kugonga, weka biti ya almasi au ile ya ncha ya mkuki, anza polepole, na mwagia maji biti ya almasi isiungue. Ukishavuka karo na kufika ukutani ndipo uwashe kugonga. Kwa kukata, grenda ndogo ya diski ya milimita 115 au 125 inafaa karo, ikiwa na diski ya almasi yenye ukingo mzima usio na mapengo. Kwa jiwe na zege tumia diski ya almasi yenye mapengo, kwani mapengo hutoa vumbi na kupoza diski. Mawe mazito yanahitaji grenda ya milimita 230. Kamwe usifungue kinga ya grenda ndogo ili uvalishe diski kubwa. Grenda ndogo huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika, wakati diski ya milimita 230 imepimwa kwa takriban mara 6,600. Ikizungushwa kupita hapo inaweza kuvunjika na kuruka vipande, na aliye mbele yake ni fundi.

Kuna adui mwingine asiyeonekana. Jiwe, zege na karo zina silika, na vumbi lake laini hukaa mapafuni lisitoke. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa, na huja taratibu hadi mtu mwenye nguvu ashindwe kupanda kilima. Mashine za umeme zilimpunguzia fundi jasho, lakini zilimwongezea vumbi kuliko tindo na nyundo za zamani. Kata kwa maji, kwa mashine iliyotengenezwa kufanya kazi na maji, au vaa barakoa inayozuia vumbi laini. Kitambaa cha shingoni hakitoshi.

Miaka ya mwisho ya Bosch ilikuwa na giza. Utawala wa Hitler uliposhika nchi mwaka 1933, kampuni yake ilitengeneza vifaa vya jeshi, na wakati wa vita maelfu ya watu walifanyishwa kazi kwa nguvu katika viwanda vyake. Wakati huohuo yeye na wasaidizi wake wa karibu waliwasaidia Wayahudi waliokuwa wakiwindwa, na walimuunga mkono Carl Goerdeler, mmoja wa viongozi wa waliotaka kumwangusha Hitler. Mambo hayo mawili yalikuwa chini ya paa moja, na hakuna haki ya kusimulia moja na kuficha jingine. Sisi wa nchi hii tunajua kwamba nyakati za mauaji haziachi watu wasafi wengi.

Mwaka 1940 ilifunguliwa hospitali aliyoigharimia mjini Stuttgart. Alifariki tarehe 12 Machi 1942 akiwa na umri wa miaka 80, na utawala aliouchukia ukamfanyia mazishi ya kitaifa. Mwaka 1964 sehemu kubwa ya hisa za kampuni iliingia katika taasisi ya hisani inayoitwa kwa jina lake, na mpaka leo gawio lake husaidia elimu na afya.

Bosch aliamini kwamba ni afadhali kupoteza fedha kuliko kupoteza imani ya mteja. Ndiyo maana inasikitisha kwamba jina lake ni miongoni mwa majina yanayoghushiwa sana. Ndugu mfanyabiashara, kabla hujafunga mzigo, tazama namba ya mashine kama inalingana na ya sanduku, soma maandishi kama yana makosa ya tahajia, ipime uzito kwa mkono, na hakikisha ni ya volti 220 hadi 240, kwani ya volti 110 itaungua ikichomekwa kwenye umeme wetu. Na mashine isiyo na jina kubwa lakini ya kweli ni bora kuliko jina kubwa la uongo. Rahisi huwa ghali, na mara nyingi anayelipa gharama si aliyeuza Kigoma wala aliyenunua Bujumbura, bali kijana aliyeshika grenda juu ya ngazi, akijenga nyumba ya mtu aliyesubiri miaka mingi kurudi kwao.